Kikao Nilichokipikia Mwenyewe

Waliokuwepo siku ile ni mwanangu wa kwanza, aliyetoka Songea na viatu vya kung'aa; binti yangu ninayekaa naye hapa Mbinga, ndiye anayenisugua mgongo; mdogo wangu wa kiume, katekista; na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyepanda kutoka ziwani na ndoo ya samaki, mbasa. Majina yao yote ninayo, hata ya ubatizo, ila nayaacha wasije wakasusia msiba wangu.

Nami nilikuwepo, jikoni. Walikuja kuamua nifanywe nini, maana daktari alikwisha kumwambia binti yangu kwamba uvimbe wa titi langu la kushoto ni saratani. Mimi niliambiwa ni maziwa yameganda. Maziwa! Mtoto wangu wa mwisho ana mvi.

Kwetu mgonjwa hakai kwenye kikao cha ugonjwa wake. Sasa binti naye wakamwita ndani, nani asonge ugali? Mgonjwa. Nikasonga, nikaunga mbasa, huku nawasikia vizuri, dirisha la sebule linatazama jiko.

"Tumpeleke Dar, atundikiwe dawa zote," alisema mwanangu.

"Mwacheni dada apumzike," alisema katekista. "Kwa umri ule, tumwombee tu."

"Umri gani?" wifi akamkata. "Juzi kanitukana mpaka mbuzi wakageuka."

Binti yangu akasema taratibu kwamba daktari anaweza kulikata titi, kisha nikameza vidonge nyumbani. Wakarudi kwenye Dar na maombi.

Nikaingia na jagi na beseni. Mwanangu akanyoosha mikono nimnawishe. Sikumimina.

"Mama, maji."

"Baba, naumwa nini?"

Mikono ikabaki inaning'inia juu ya beseni. Mbasa wanapoa. Katekista akakohoa kama anayetaka kuanza ibada.

"Saratani, mama," mwanangu akasema, machozi yakimlenga.

Nikammiminia. Nikamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, ulitaka nife kabla ya kuosha vyombo au baada?"

Wifi alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

Nikawaambia Dar siendi, sitaki kwenda kutapika kwenye choo cha watu. Titi likatwe, limenyonyesha ukoo mzima, limestaafu. Vidonge nitameza hapa hapa.

"Lakini mama, uamuzi mkubwa kama huu..."

"Wewe ulilinyonya mpaka ukaota meno, mbona hukuitisha kikao?"

Basi, likakatwa. Kila asubuhi binti yangu ananiletea kidonge na uji, anasimama mlangoni kama askari mpaka nimeze.

Kama nimekosea, waliokuwepo wanisahihishe. Najua wifi atasema mbuzi hawakugeuka, na mwanangu atasema hakulia, ulikuwa moshi. Waje, nitawapikia. Ila jagi bado nalishika mimi.