Hodi kwa Bibi

Pale hospitalini walimwita Kobe, naye hakukasirika. Alianza kazi kama mpokea simu, akiunganisha wodi na maabara, hata sikio lake likazoea kutambua simu inayolia katika chumba kisicho na mtu. Ubao wa simu ulipong'olewa, akajifunza kompyuta. Sasa alikuwa fundi wa seva, zile mashine kubwa zilizobeba ndani yake kompyuta zote za hospitali, kompyuta ambazo huwezi kuzishika kwa mkono.

Asubuhi hiyo alipigiwa na mdogo wake, muuguzi wa wodi ya wazazi.

"Dada, mashine ya benki ya damu imeganda. Nina mzazi hapa damu haikatiki. Mifuko imo kwenye friji, lakini upi umepimwa ukamfaa, mashine ndiyo inayojua."

"Maabara wapime upya."

"Wameanza. Ila wao wana muda, yeye hana. Usikate simu."

Kobe akaiweka simu mezani, akafungua dirisha la kuingilia mashine ile, moja ya zile zisizoshikika. Dirisha likabaki jeusi. Likakaa, likakaa, kisha likaomba nywila, na kabla hajamaliza kuiandika likajifunga. Akarudia. Vilevile.

Bosi wake alikuwa amesimama mlangoni, simu yake nayo sikioni. "Zima seva zote, washa zote. Yaishe."

"Chumba cha upasuaji kinazitumia, bosi. Kuna mtu yuko mezani, tumbo wazi."

"Basi una mpaka nimalize kuongea na mganga mkuu. Na mimi siongei kwa mwendo wako wa kobe."

Kobe akakagua nyaya: nzima. Akatazama mzigo wa seva: mwepesi. Kilichomkera ni kwamba kuchelewa kule kulikuwa na kipimo kimoja. Kitu kilichoelemewa hukawia mara hivi, mara vile. Hiki kilikawia sawasawa kila mara, kama simu inayolia chumba kitupu mpaka mpigaji akate tamaa.

Akaiita seva ya jirani kwa namba yake. Ikajibu papo hapo. Akaiita kwa jina. Kimya kirefu, ndipo ikajibu.

"Bibi," alisema.

"Bibi gani tena?" aliuliza bosi.

Seva zao walizipa majina ya ukoo. Bibi ndiye aliyekuwa mkongwe wao, kazi yake kuzitajia nyingine namba ya kila jina. Juzi walimzima na kumstaafisha kwa soda na hotuba, kazi akaachiwa Shangazi. Lakini katika mipangilio ya seva hakuna aliyepata moyo wa kumwondoa Bibi nafasi ya kwanza, mkubwa hutangulizwa. Kwa hiyo kila seva, kabla ya kumwuliza Shangazi, ilibisha hodi kwa Bibi na kungoja aitikie, hata muda wa kuandika nywila ukaisha.

"Yaani tunabisha hodi kwa marehemu?" Bosi alishusha simu.

"Na adabu zetu zote."

Kobe akamtoa Bibi kwenye seva iliyobeba mashine ya damu. Nywila akaikosea, akaiandika tena. Safari hii dirisha lilifunguka na kutulia. Diski ya mashine ya damu ilikuwa imejaa taka za zamani hadi shingoni, ndiyo maana iliganda. Akazifuta, akaiwasha upya mashine hiyo moja tu.

"Jaribu sasa," aliiambia simu.

Akaiweka sikioni. Alisikia magurudumu ya toroli, kisha sauti ya mdogo wake kwa mbali: "Huo. Huo wa chini. Lete." Kisha viatu, kisha hakuna kitu. Bosi alivuta kiti akaketi. Kobe hakukata, mpokea simu hakati mpaka upande wa pili ukate.

Muda ukapita.

"Dada, bado upo?"

"Nipo."

"Presha yake ilikuwa chini, sasa inarudi sawa. Ameomba maji."

"Mpe," alisema Kobe, kana kwamba ruhusa ilikuwa yake.

Akaigeukia kibodi, akaanza kulifuta jina la Bibi kwenye seva zilizobaki, moja baada ya nyingine, polepole. Bosi hakumharakisha.