Ng'ombe Asiye na Nundu

Tulikuwa watano katika kile chumba cha kompyuta, Bariadi mjini: mimi, mjukuu wangu kwa binti yangu, kichanga chake nilichobeba mgongoni, jirani yetu wa kijijini Shishiyu, na mwalimu kutoka Dar. Majina yao yote ninayo kichwani, na yabaki humo humo.

Mjukuu alikuja kujifunza kutengeneza tovuti ya kikundi chetu cha wafugaji. Angerudi hajui, wazee wangesema walijua tangu mwanzo kwamba mwenye mtoto mchanga hawezi. Tuliambiwa mafunzo ni ya vitendo. Vitendo vya nani? Kila alipogusa kompyuta, yule mwalimu alimsogeza. "Ngoja dada, nikuonyeshe." Kutwa anaonyesha! Kwetu mtoto hafundishwi kukamua kwa kutazama mgongo wa mkamuaji.

Jioni mwalimu akajisifu kwamba ukurasa umekamilika. Juu kabisa kaweka ng'ombe wa Ulaya, mweupe mwenye mabaka meusi, mgongo umenyooka kama meza.

"Huyu nundu yake kaipeleka wapi?" nikauliza.

"Mayu, mama yangu, nyamaza," jirani akaninong'oneza, naye anacheka.

"Bibi, ni mfano tu," akasema mwalimu.

"Mnunuzi akija Shishiyu akamtaka huyu, tutamtoa wapi? Hebu mpishe mwenzio akae."

Akapisha, amenuna. Mjukuu akakosea mara tatu. Mara ya nne, picha ya dume letu kutoka kwenye simu yake ikatokea pale juu, nundu imesimama.

Jirani anasema dume lile lilikuwa jekundu, mimi nasema la kijivu. Aliyeliona anisahihishe. Ya mwalimu nayakumbuka sawasawa.