Antena ya Mgeni wa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Tunduma kwenye msiba wa shangazi, na kabla hata sijatua begi nilikuwa nimeshakasirika. Foleni ya malori na vumbi nimevizoea. Kilichonipandisha hasira ni paa la yule aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Limebeba madishi matatu. Matatu, ndugu yangu, na mzee mwenyewe amekaa barazani analalamika kwamba kisimbuzi kinamkatia mpira.

Kama ulikulia bara miaka ile utanielewa. Televisheni hatukuwa nayo. Tuliambiwa ni anasa, na mtu wa anasa alitazamwa kama mtu aliyeficha sukari. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kubahatisha, tukifulia majani ya mpapai mpaka mashati yanageuka kijani. Jioni nyumba ilinuka maharage na moshi wa kuni, malori yakinguruma kuelekea mpakani, na sisi watoto tukipukuchua mahindi huku bibi akitusimamia.

Bibi, mama yake baba, alikuwa Mnamwanga wa kunyooka. Sheria ya nyumba kumi ilisema mgeni yeyote aripotiwe kwa balozi, na bibi aliishika kama amri ya kanisani. Hata binamu yetu akija kutoka Ndalambo na kikapu cha ulezi, bibi angejifunga kitenge kwanza, aende kwa balozi, ndipo chai ichemshwe. Tulimcheka sana kwa hilo.

Mwanawe wa mwisho, baba yetu mdogo, alikwenda Zambia kwenye migodi ya shaba kabla sijazaliwa na hakuwahi kurudi. Siku moja dereva wa Kizambia, rafiki yake baba, alileta habari kwamba kwaya ya baba mdogo itaimba kwenye televisheni ya kwao Jumapili jioni. Bibi alimwuliza tena na tena kama uso utaonekana.

“Utaonekana, mukwai,” dereva akamwambia kwa neno la heshima la kwao.

Tangu hapo bibi hakuwa na lingine. Baba, aliyekuwa dereva naye, akaazima televisheni kuukuu ng'ambo ya mpaka, akaileta chini ya magunia na kuiunga kwenye betri ya lori. Kazi ikabaki antena. Alichotaka yeye ni ile ndogo ya pembe mbili inayokaa juu ya televisheni, kwa sababu haionekani nje. Akainunua, tukaijaribu kila kona ya nyumba, hata juu ya kabati la vyombo. Tukapata chenga tupu na mlio kama wa mafuta ya kukaangia. Fundi redio akasema mtambo wa Zambia uko mbali mno kwa kitu kile. Kwa umbali huo, alisema, inatakiwa antena ndefu ya mbavu nyingi, ipande juu ya paa na uso wake uelekee kule mtambo uliko.

Baba aliogopa. Antena ya mbavu ingeonekana mpaka sokoni. Mama ndiye aliyekata shauri.

“Mama yako anataka kumwona mwanawe,” alimwambia. “Nunua ya kuonea, usinunue ya kujifichia.”

Basi ikaja, ya alumini, inang'aa. Baba aliunganisha mianzi miwili kwa kamba za katani, akapanda juu ya bati, akawa anaizungusha taratibu huku mama akiwa dirishani anampigia kelele arudishe, arudishe kidogo. Sisi tulikodolea chenga. Mara kichwa cha mtu kikatokea, kimevaa tai, kinasoma habari. Nimeona mengi tangu siku ile, lakini furaha ile sijaipata tena mahali pengine.

Majirani walipouliza, baba aliwaambia ni ya kukamatia redio za mbali. Hata balozi alipita, akatazama juu, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Jumapili, baada ya ibada, bibi alijifunga kitenge chake kizuri akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Aliporudi alichinja jogoo, akampikia mwanawe, firigisi akaiweka pembeni kwenye kibakuli na kukifunika. Jioni tukaketi mkekani. Kwaya ikajipanga, nyuso zimefifia katika chenga, na bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akanyoosha kidole kwenye mstari wa nyuma. “Huyu,” alisema, kisha akasita, akataka kuhakikisha.

Hapo balozi akaingia na mgambo wawili bila hodi. Alisema amekuja kumwona mgeni kutoka Zambia, kwa kuwa bibi mwenyewe alikwenda kumripoti kwamba ataingia nyumbani jioni kupitia kwenye sanduku. Alisema hivyo akicheka. Mgambo mmoja akapanda juu ya bati, tukasikia buti zake, mwanzi ukalia, na nyuso zote zikayeyuka.

Bibi aligeuka akamtazama balozi. Hakupandisha sauti.

“Mbona mnamfukuza na hajala?”

Majirani waliojazana mlangoni walicheka. Nawakasirikia mpaka leo. Namkasirikia baba pia, ambaye hakumsemesha mama yake kwa wiki nyingi. Alipomsemesha ilikuwa kumwuliza kwa nini, na bibi akajibu kwamba alijua fika ile ni picha. Lakini mtu ametoka ng'ambo, anaingia nyumbani kwake. Angemficha kama mwizi?

Televisheni ilipelekwa kituoni na hatukuiona tena. Antena haikufika huko. Balozi aliisimika uani kwake, mkewe akawa anaanikia nguo. Kila asubuhi nikienda shule niliona kaptura za balozi zikining'inia kwenye zile mbavu tulizozielekeza kwa baba mdogo. Yeye hakurudi. Habari za kifo chake zililetwa na dereva yule yule, na bibi alikufa bila kujua kama kidole chake kilikuwa kimemwangukia mwanawe au mtoto wa mwingine.

Sasa Tunduma kila kibanda kina dishi, na dunia nzima inaingia sebuleni bila kuripotiwa kwa yeyote. Mianzi imekwisha, chenga zimekwisha, wa kupiga kelele dirishani amekwisha. Nilidhani hasira nayo ingekuwa imekwisha.

Balozi alinitambua nilipopita. Akanikaribisha ndani nitazame taarifa ya habari. Nikabaki nimesimama. Akasema marehemu bibi yangu alikuwa raia mwema kuliko wote aliopata kuwaongoza, hakuwahi kuingiza mgeni bila kumwambia.

“Na mgeni wake hakula,” nilimjibu.

Akanitazama, akafikiri kidogo, akaniuliza mgeni gani.