Mama Aliyezuia Sumu Rumonge

Miaka michache baada ya Uhuru wa Burundi, wanafunzi wa Rumonge walirudia kwenye uwanja wa mpira mchezo wao wa nyimbo, uliotokana na hadithi ya kale ya Uingereza: vijana wawili wanapendana, koo zao zinachukiana. Niliketi karibu na mama muuza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, kutoka Magara.

Binti alipolala kama maiti, mpenzi wake alishika kikombe cha sumu. Yule mama akainuka, mkono juu.

"Weye mutoto, wacha! Usikunywe! Huyo hajakufa, iko analala tu!"

Uwanja mzima ukaitikia: "Usikunywe!"

Mwalimu wao alimwashiria anywe. Kijana akatutazama, akamwaga maji chini. Binti akafumbua macho, akacheka, na mahasimu wa jukwaani wakakumbatiana bila kuambiwa.

"Mama, umeniharibia mwisho," mwalimu akalalamika.

"Ule mwisho tuliuona mara ya kwanza, mwalimu. Tulirudi nyumbani tunalia."

Mwalimu akashindwa kujizuia, akacheka. "Basi murakoze, asante, mama."

Mauaji ya mwaka 1972 yaliwachukua wengi waliokuwa uwanjani siku ile, mwalimu akiwamo. Nashukuru kwamba niliwahi kumsikia akicheka.