Neno la Bibi Kwenye Mistari ya Chai

Jana nimerudi kutoka sokoni Makambako miguu imevimba, hata ndala hazinitoshi. Sijakaa vizuri, mwanangu huyo na daftari: “Mama, tired maana yake nini?” Nikamwambia niangalie mimi, halafu andika unachokiona. Alicheka sana. Mimi sikucheka, maana neno hilo lina mwenyewe, naye amelala kaburini, Lupembe.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na desturi ya kutupa neno moja la Kiingereza kila Ijumaa, tukalifundishe nyumbani. Hilo alilifafanua mpaka kengele ikalia: unaweza kuchoka kwa kazi, unaweza pia kumchoka mtu, na zamani sana kwa Waingereza wenyewe lilimaanisha kuishiwa, kufika mwisho. Bibi yangu, aliyenilea, alinisikiliza huku akimenya viazi, moshi wa jikoni ukimtoa machozi. “Tayadi,” akarudia. Akalipenda papo hapo.

Unajua kwa nini? Bibi alikuwa mjane. Mashemeji zake walingoja tu asikike akisema amechoka, iwe kwa Kibena au Kiswahili, waseme shamba la chai limemshinda, lirudi kwao. Na kwenye chai hakuna siri. Jirani anachuma hatua tatu kutoka ulipo. Basi tukapatana. Yeye akisema tayadi, mimi nashika tumbo na kulia. Anaketi chini kumbembeleza mtoto, anapumua, tunakula kiporo cha makande, halafu tunaendelea. Watu wakawa wananihurumia, masikini, mjukuu wa watu haishi kuumwa.

Msimu mzima tulikwenda hivyo. Shida ilianza wenzangu shuleni waliponibatiza jina la Tumbo. Jamani, watoto hawana huruma! Waliniimbia njia nzima, kwenda na kurudi, mpaka nikachukia kwenda shambani.

Asubuhi moja ya ukungu mzito lori la kiwanda lilikwishapiga honi kwenye kituo cha kupimia chai, na tenga la Bibi limejaa majani. Mstari wa pili walikuwepo wasichana wawili wa darasani kwetu. Bibi akasema, “Tayadi.” Nikaendelea kuchuma. “Tayadi, mjukuu wangu.” Nikajifanya sisikii. Mara ya tatu aliniambia polepole, karibu kabisa na sikio, nami nikasogea mbele.

Basi akajitwisha tenga, akaanza kupanda mlima kwenda kituoni. Katikati ya njia magoti yalimkatalia, akaanguka, majani yote chini. Shemeji mkubwa ndiye aliyemnyanyua. Alimnyanyua kwa upole, nakumbuka, huku macho yake yako shambani.

Kabla ya Pasaka nusu ya shamba ilikuwa yao. Walisema wanampunguzia mzigo. Siku hizi pale pote ni parachichi. Ukipita huwezi kujua kama paliwahi kuwa na chai, wala kwamba kuna mwanamke aliipalilia peke yake.

Bibi hakunigombeza hata siku moja, na ingekuwa afadhali angenichapa. Aliishi miaka mingi baadaye, lakini neno lile sikulisikia tena mdomoni mwake. Nilipokuwa mtu mzima, siku moja nilimkuta ameegemea ukuta amefumba macho, nikamuuliza, “Bibi, umechoka?”

“Hapana, mimi ni mzima kabisa,” alinijibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwajibia mashemeji.