Picha Moja ya Mama Amina

Mashamba makubwa yalipotaifishwa, mzungu mmoja alifungasha virago akamwachia Mbaraka wa kijiji cha Mponde, kule milimani, kamera yake kwa bei ya kutupa. Kumbe kauziwa mbuzi kwenye gunia! Mshale wa kipima mwanga ulikuwa umeganda: akiielekeza kamera juani, hautikisiki, akiifunika kwa kiganja, vilevile.

Basi akaamua kujifunza mwanga kwa macho yake. Alimsimamisha mkewe, Tatu, penye michai, akammalizia filamu nzima, kila picha akifungua lenzi zaidi kidogo. Tatu, kikapu mgongoni, akafoka, "Baba Amina, hujamaliza tu? Chai inaningoja!"

Filamu iliposafishwa Tanga, picha nyingine zilikuwa nyeusi kama chungu, nyingine nyeupe kama ukungu. Moja tu ilitoka sawasawa: Tatu kanuna, mkono kiunoni. Kwa kipimo cha picha hiyo Mbaraka alipiga picha za harusi na mikutano ya vijiji vya ujamaa, milima yote ile, wala hakukumbuka kumpiga mkewe picha nyingine.

Tangu Tatu azikwe, kila asubuhi Mbaraka husimama mbele ya picha ile ukutani.

"Nimemaliza, Mama Amina," humwambia. "Haya, nenda kachume chai yako."