Kindness Akataa Kufuta Majina

Kindness alikuwa binti wa mgumu. Huko Marangu, chini ya Kilimanjaro, ndivyo wanavyowaita wapagazi wa mlimani, na baba yake, Yakobo, alibeba mizigo ya wageni tangu ujanani hadi magoti yalipomgomea.

Alipomaliza chuo, Kindness aliajiriwa na Wenseslaus, mwenye kampuni ndogo ya utalii mjini Moshi, akakabidhiwa programu fupi ya kuchapa vyeti vya safari. Programu ilisoma jina la mgeni kutoka kwenye faili, ikaliweka kwenye kigeu, yaani kijisanduku cha kuhifadhia kitu ndani ya kompyuta, kisha ikakisoma na kuchapa. Mgeni alikuwa na kigeu cha jina, cha nchi, hata cha vyakula asivyokula. Wagumu wote walikuwa na kimoja tu, na ndani yake idadi: 14.

Damu ikamchemka. Akampigia simu Rogath, kiongozi wa wagumu, ambaye alimtajia majina ya wenzake na kumalizia na lake, na Kindness akayaingiza kwenye faili.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Vyeti vyote kumi na vinne vilitoka na jina la Rogath, maana kila jina jipya lililowekwa kwenye kigeu lilisukuma nje lililotangulia, na la Rogath ndilo lililokuwa la mwisho. Rogath, aliyekuja kuona, alicheka hadi akashika mbavu.

"Dada, mke wangu, mimi mmoja tu namtosha! Kina Rogath kumi na wanne atawaweka wapi?"

Kindness naye akacheka, akaisogeza amri ya kuchapa, ili kila jina lichapwe kabla lingine halijaingia. Safari hii yakatoka yote.

Siku wageni waliposhuka mlimani, akasimama kwenye bustani ya hoteli akawaita wagumu kwa majina, mmoja mmoja, akiwapa vyeti vyao. Wageni wakapiga makofi. Wenseslaus hakupiga. Alimwita pembeni.

"Wagumu wanaishia kambini. Hawafiki kileleni. Cheti cha nini?"

"Na hema walilolalia wageni huko kambini lilipanda lenyewe, bosi?"

"Usinijibu hivyo. Rudisha programu ilivyokuwa."

"Sirudishi."

"Basi futa hayo majina, au ukatafute kazi kwingine."

"Sifuti," alisema Kindness.

Jioni alipanda nyumbani Marangu, akamkuta baba yake akikata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba. Nimefukuzwa."

Yakobo alimsikiliza hadi mwisho. "Umeacha mshahara kwa sababu ya karatasi?"

"Kwa sababu ya majina, baba."

Mzee akaendelea kukata majani. Kisha akauliza, kama mtu asiyetaka kusikika, "Hata aliyestaafu anaandikwa?"

Kindness akafungua kompyuta yake palepale, kwenye benchi la nje. Mzee akamsimamia, akimsahihishia herufi za jina la ukoo.

Siku hizi Kindness amepanga chumba Soweto, mtaa wa Moshi. Rogath huwaleta wenzake wachapiwe vyeti, na kampuni mbili zimemwomba aziandikie programu kama ile. Kampuni ya Wenseslaus bado inawapa vyeti wageni peke yao. Wakati mmoja Wenseslaus alituma mtu kumuuliza Kindness kama yuko tayari kurudi kwa masharti ya zamani.

"Mwambie nina kazi," alijibu Kindness, na hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta.